Jinsi ya Kutumia Atlasi ya Mtandaoni ya Ramani za Mikoa, kwa Mifano ya Unguja na Pemba

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Micheweni alinijia mwisho wa somo akiwa na simu mkononi, akanionyesha ramani ya Zanzibar ambayo mikoa yake mitano ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, mmoja kwa rangi iliyokoza sana na mingine kwa rangi iliyopauka. "Maalim," aliniuliza, "mbona mikoa yetu miwili ya Pemba imepewa rangi moja, na hali sote tunajua kwamba ukishuka kusini nyumba zinazidi kusogeleana?" Ramani ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inaonyesha idadi ya watu kwa mujibu wa Sensa ya 2022, na kwa idadi mikoa hiyo miwili ni kama mapacha: Kaskazini Pemba ilihesabiwa watu 272,091 na Kusini Pemba watu 271,350. Tulifungua menyu tukabadilisha kiashiria, badala ya idadi ya watu tukachagua msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba, na papo hapo mapacha wale wakaachana rangi, kwa sababu Kaskazini Pemba ina eneo la kilomita za mraba 574 na Kusini Pemba ina 332 tu. Kaskazini ikasoma watu 474 kwa kila kilomita ya mraba, Kusini ikasoma 817.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya walimu wenzangu, wanafunzi, masheha, watendaji wa halmashauri na mabaraza ya miji, na kila mtu ambaye hufungua atlasi ya mtandaoni akitaka kujua jambo kuhusu mkoa au wilaya yake. Atlasi ya aina hii si ramani ya kutafutia njia. Ramani ya njia hukuambia barabara ya kutoka Chake Chake kwenda Wete inapita wapi. Ramani ya mada huchukua jambo moja, liwe ni msongamano wa watu, mvua, malaria, mikoko au zao la karafuu, kisha ikaligawa juu ya nchi ili uone wapi limezidi na wapi limepungua. Atlasi ya mtandaoni huziweka ramani nyingi za namna hiyo mahali pamoja, na humwachia msomaji uhuru wa kubadilisha mada, mwaka, ngazi ya mipaka na hata rangi. Uhuru huo ndio faida yake, na ndio unaomtaka msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa maamuzi ambayo zamani yalifanywa na mchora ramani mmoja kabla ya kuchapa kitabu sasa unayafanya wewe kwa kubonyeza, mara nyingi bila kujua kwamba umeamua.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kabla ya kufungua atlasi

Chukua karatasi uandike swali kwa sentensi moja iliyo kamili. "Nataka kujua kuhusu watu wa Unguja" si swali ambalo atlasi inaweza kulijibu. "Katika miaka kumi kati ya Sensa ya 2012 na ile ya 2022, ni mkoa upi wa Zanzibar ulioongezeka watu kwa kasi zaidi?" ni swali, kwa sababu ndani yake mna jambo linalopimwa, mna mahali, mna muda na mna ngazi ya mipaka. Vitu hivyo vinne ndivyo utakavyovitafuta katika menyu za atlasi, na ukivikosa katika swali lako, basi atlasi itakuchagulia yenyewe. Mara nyingi itakupa ramani ya mwanzo ambayo watengenezaji waliiweka ili ukurasa usifunguke mtupu.

Hatua ya pili: chagua atlasi inayolingana na swali, na utayarishe kifaa

Kwa takwimu za watu, kaya na makaazi, mahali pa kuanzia ni kwenye takwimu rasmi zinazotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa mazingira zipo atlasi za dunia nzima zinazoihusu pwani yetu moja kwa moja: Allen Coral Atlas huonyesha miamba ya matumbawe, na Global Mangrove Watch huonyesha misitu ya mikoko. Malaria Atlas Project ni ya ramani za malaria. Atlasi hizi za dunia hazisomwi kwa namna moja na ramani ya sensa, na nitaieleza tofauti hiyo mbele kidogo.

Ikiwa unaweza, tumia kompyuta badala ya simu, kwani katika kioo kidogo ufunguo wa ramani mara nyingi hufichwa nyuma ya kitufe, na msomaji anabaki na rangi zisizo na maelezo. Anayetumia bando azime kwanza tabaka la picha za setilaiti lililo nyuma ya ramani, ikiwa atlasi inaruhusu, kwa kuwa tabaka hilo ndilo linalokula data nyingi na kwa ramani ya mikoa halikuongezei kitu. Majina nayo yanahitaji tahadhari, kwa sababu atlasi nyingi huyaandika kwa Kiingereza na si zote zinazoyaandika kwa namna moja, kiasi kwamba ukiandika "Mjini Magharibi" katika kisanduku cha kutafutia unaweza kuambiwa kwamba hakuna mahali kama hapo. Usikate tamaa, sogeza ramani mpaka Unguja, kisha ubofye eneo lenyewe, na jina ambalo atlasi inalitambua litajitokeza.

Hatua ya tatu: chagua ngazi ya mipaka

Zanzibar ina mikoa mitano, nayo ni Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Chini ya mikoa ziko wilaya 11, na chini ya wilaya ziko shehia. Atlasi nzuri hukuruhusu kushuka ngazi kwa ngazi, ama kwa kuchagua katika menyu, ama kwa kukuza ramani mpaka mipaka midogo ijitokeze yenyewe. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni la kupendezesha ramani, na mimi nasema hapa ndipo jibu zima linapoweza kugeuka.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Mjini Magharibi, na namwomba msomaji aufuatilie kwa utulivu. Mwaka 2012 mkoa huo ulihesabiwa watu 593,678, na mwaka 2022 ukahesabiwa watu 893,169. Ongezeko ni watu 299,491, yaani kama asilimia 50 kwa miaka kumi. Anayesoma ramani ya mikoa ataona rangi iliyokoza na ataandika kwamba mji unafurika watu. Sasa shuka ngazi moja uitazame ramani ya wilaya. Wilaya ya Mjini, ambayo ndani yake mna Mji Mkongwe na mitaa mikongwe ya Ng'ambo, ilikuwa na watu 223,033 mwaka 2012, na mwaka 2022 ilikuwa na watu 219,007. Haikuongezeka, bali ilipungua kwa watu 4,026. Ongezeko lote la mkoa limeangukia upande wa Magharibi, yaani sehemu ya mkoa iliyobaki nje ya Wilaya ya Mjini, ambako watu walitoka 370,645 wakafika 674,162, sawa na ongezeko la asilimia 82 hivi. Ramani ya mkoa ilisema kweli, na ramani ya wilaya imesema kweli, lakini anayepanga wapi pajengwe skuli mpya au pachimbwe kisima akiitegemea ya kwanza peke yake anaweza kupeleka fedha mahali ambapo watu hawaongezeki.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba wasiishie katika ngazi ya kwanza waliyoikuta. Shuka ngazi moja chini ya ile iliyokupa jibu, uangalie kama jibu linasimama. Na hata ukifika chini kabisa, kumbuka kwamba rangi ya eneo ni wastani wa eneo, si sifa ya kila anayeishi ndani yake. Kusini Unguja ina msongamano wa watu 229 kwa kilomita ya mraba, lakini ndani ya hesabu hiyo umo msitu wa Jozani, yamo maweni ambayo hayalimiki kwa urahisi, na vimo vijiji vya pwani ambavyo nyumba zake zimebanana. Hakuna kijiji hata kimoja kinachoishi katika wastani huo.

Hatua ya nne: tofautisha idadi na uwiano

Kisa cha mwalimu wa Micheweni kilikuwa ni hiki. Kila kiashiria katika atlasi ni ama idadi tupu, kama watu, skuli, visima au wagonjwa, ama ni uwiano, yaani idadi iliyogawanywa kwa kitu kingine: watu kwa kilomita ya mraba, wanafunzi kwa kila mwalimu, wagonjwa kwa kila watu elfu moja. Ukitazama jina la kiashiria, jiulize limegawanywa kwa nini. Ikiwa halikugawanywa kwa chochote, basi eneo kubwa au lenye watu wengi litatoka na rangi iliyokoza karibu katika kila mada utakayoifungua, na utadhani kwamba umegundua jambo kumbe unatazama ukubwa ule ule kila mara.

Wachora ramani wana desturi ambayo ni vyema kuifuata: idadi tupu huonyeshwa kwa miduara, mkubwa kwa penye wengi na mdogo kwa penye wachache, na uwiano ndio unaoonyeshwa kwa kupaka eneo zima rangi. Sababu yake ni kwamba jicho linapoona eneo pana lililopakwa rangi iliyokoza hulipa uzito wa upana wake, hata kama watu waliomo ni wachache. Kusini Unguja ndio mkoa mpana kuliko yote, kilomita za mraba 854, na Mjini Magharibi ndio mdogo kuliko yote, kilomita za mraba 230, na hali watu wa Mjini Magharibi ni zaidi ya mara nne ya wale wa Kusini Unguja. Atlasi ikikupa nafasi ya kuchagua kati ya miduara na rangi, chagua kwa kufuata desturi hiyo.

Liko jambo jingine dogo linalowasumbua wengi, nalo ni kile kinachogawanyia. Eneo la Zanzibar limeandikwa katika baadhi ya nyaraka kuwa kilomita za mraba 2,460 na katika nyingine kuwa 2,654. Ukigawanya watu 1,889,773 wa Sensa ya 2022 kwa namba ya kwanza utapata msongamano wa watu 768. Ukigawanya kwa ya pili utapata 712. Atlasi mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu, na wala hakuna aliyehesabu watu vibaya. Katika mwongozo huu nimetumia maeneo ya mikoa ambayo jumla yake ni 2,460. Nawe ukilinganisha ramani za atlasi mbili, tafuta kwanza ukurasa wa maelezo ya data uone kila moja imegawanya kwa nini.

Hatua ya tano: soma ufunguo kabla ya kusoma rangi

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo wasomaji wengi wanapopotezwa na ramani ambayo haina uongo ndani yake.

Ufunguo wa ramani ni kile kisanduku chenye vijirangi na namba pembeni mwake. Kila kijirangi ni daraja, na kila daraja lina namba ya chini na namba ya juu. Atlasi haiwezi kuipa kila namba rangi yake, kwa hivyo huzikusanya namba katika madaraja, kwa kawaida kati ya matatu na saba. Namna ya kuyakata madaraja hayo ziko njia kadhaa, na baadhi ya atlasi humruhusu msomaji kuchagua kwa kufungua kitufe cha mipangilio kilicho karibu na ufunguo.

Tuzijaribu njia hizo kwa namba tano tu, misongamano ya mikoa yetu kwa mwaka 2022: Kusini Unguja 229, Kaskazini Pemba 474, Kaskazini Unguja 547, Kusini Pemba 817, na Mjini Magharibi 3,883.

Njia ya kwanza ni ya madaraja ya upana sawa. Atlasi huchukua namba kubwa, ikaondoa ndogo, ikagawanya kwa idadi ya madaraja. Kwa madaraja matatu, daraja la chini linaanzia 229 na kuishia 1,447, la kati linaishia 2,665, na la juu linaishia 3,883. Matokeo yake ni kwamba mikoa minne yote imeingia daraja la chini na kupakwa rangi moja iliyopauka, daraja la kati limebaki tupu, na Mjini Magharibi imekaa juu peke yake. Anayeitazama ramani hiyo ataondoka akiamini kwamba nje ya mji Zanzibar yote ni sawasawa, na kwamba Pemba haina tofauti ndani yake.

Njia ya pili ni ya kuweka idadi sawa ya maeneo katika kila daraja. Ukichagua madaraja matano, kila mkoa wetu utapata rangi yake, kutoka iliyopauka hadi iliyokoza, kwa hatua zinazolingana. Ramani inapendeza na tofauti zote zinaonekana, lakini sasa hatua ya kutoka Kaskazini Pemba kwenda Kaskazini Unguja, ambayo ni ya watu 73 tu kwa kilomita ya mraba, inaonekana sawa na hatua ya kutoka Kusini Pemba kwenda Mjini Magharibi, ambayo ni ya zaidi ya watu 3,000.

Njia ya tatu hutafuta mapengo ya asili, yaani hukata pale ambapo namba zenyewe zimeachana, ili zilizo karibu zikae pamoja. Kwa madaraja matatu itaweka Kusini Unguja, Kaskazini Pemba na Kaskazini Unguja pamoja, itaipa Kusini Pemba daraja lake, na Mjini Magharibi daraja lake. Kwa mada hii naona njia hii ndiyo inayotenda haki zaidi, kwa sababu inaitoa Kusini Pemba mbele ya macho bila kuificha nyuma ya ukubwa wa mji. Ila ina udhaifu wake: mapengo hutafutwa upya kwa kila seti ya data, kwa hivyo ukifungua ramani ya 2012 na ya 2022 kwa njia hii, rangi moja inaweza kuwa na maana mbili tofauti. Ukitaka kulinganisha miaka, weka mipaka ya madaraja kwa mkono, ile ile kwa ramani zote mbili. Baadhi ya atlasi zina nafasi ya kuandika namba hizo mwenyewe.

Zoezi ninalolipendekeza ni kufungua ramani moja, kubadilisha njia ya madaraja mara tatu, na kuandika kwa kila mara sentensi moja ambayo mtu asiyejua lolote angeisema kwa kuitazama. Sentensi zikitofautiana, usiitumie ramani hiyo peke yake katika ripoti. Weka na jedwali la namba chini yake.

Kuhusu rangi zenyewe nitasema machache. Jambo linalopanda kutoka kidogo hadi kingi lipewe rangi moja inayozidi kukoza. Jambo lenye pande mbili, kama vile ongezeko na upungufu, lipewe rangi mbili zinazokutana katika weupe kwenye sifuri. Epuka kuchanganya nyekundu na kijani katika ramani moja, kwa sababu wapo watu wasioweza kuzitofautisha, na kwa sababu ripoti nyingi zetu mwisho wake hutolewa fotokopi, ambako nyekundu iliyokoza na kijani iliyokoza hutoka kijivu kimoja. Niliwahi kupokea ripoti ya namna hiyo mkutanoni, yenye ramani sita, na hakuna aliyekuwamo ukumbini ambaye aliweza kusema ni wilaya ipi iliyokuwa imefanya vizuri.

Hatua ya sita: linganisha miaka kwa uangalifu

Sehemu hii ya atlasi mara nyingi ni kitelezi chini ya ramani, unachokivuta kutoka mwaka hadi mwaka, au kitufe cha kugawa kioo katikati ili ramani mbili zikae ubavu kwa ubavu. Kabla ya kuamini unachokiona, hakikisha mipaka haikubadilika. Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 2012 ilifanyika Zanzibar ikiwa na wilaya 10. Ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilizikuta wilaya 11, kwa kuwa Wilaya ya Magharibi ilishagawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Ukiiomba atlasi ikuchoree ongezeko la Magharibi A tangu 2012, inaweza kukuachia eneo tupu, na baadhi ya atlasi hufanya kosa la kulipa eneo hilo ongezeko la ajabu kwa kulinganisha na sifuri. Dawa yake ni kujumlisha mwenyewe: Magharibi A yenye watu 374,401 na Magharibi B yenye watu 299,761, jumla 674,162, ndiyo inayolinganishwa na Magharibi nzima ya 2012. Vivyo hivyo, kabla ya kusema kwamba watu wamehama Wilaya ya Mjini, fungua tabaka la mipaka ya mwaka wa kwanza juu ya lile la mwaka wa pili uone kama mstari umesogezwa.

Amua pia kama unataka ongezeko kwa idadi au kwa asilimia. Kwa idadi, Mjini Magharibi imeongoza mikoa yote. Kwa asilimia, iliyoongoza ni Kusini Unguja, iliyotoka watu 115,588 ikafika 195,873, ongezeko la karibu asilimia 70, na Mjini Magharibi imeshika nafasi ya pili. Iliyoongezeka kwa asilimia ndogo zaidi ni Kaskazini Pemba, asilimia 28.5. Ukirudi kwenye swali ulilolianza katika karatasi yako, neno "kasi" ndilo litakaloamua, na kasi hupimwa kwa asilimia.

Hatua ya saba: maeneo meupe, na atlasi za dunia nzima

Mara nyingi utafungua ramani yenye jina la Tanzania ukakuta Bara yote imepakwa rangi na Unguja na Pemba zimebaki nyeupe au kijivu. Usisome weupe huo kama sifuri, na usiuhesabu kuwa ni kusahauliwa kabla ya kuchunguza. Afya, kilimo na elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si mambo ya Muungano, kwa hivyo wizara za Bara hukusanya takwimu za Bara, na Zanzibar ina wizara zake zenye takwimu zake. Atlasi iliyochukua data kutoka wizara moja haiwezi kuwa na za upande wa pili. Unachopaswa kufanya ni kusoma chanzo kilichoandikwa chini ya ramani, kisha kuzitafuta takwimu za Zanzibar katika taasisi ya Zanzibar inayohusika, na ukiziweka pamoja uangalie kama zimepimwa kwa tafsiri moja.

Atlasi za dunia nzima nazo zina tabia yao. Nyingi ya ramani za mvua, joto au maradhi hazifuati mipaka ya wilaya bali zimegawa dunia katika vimraba vilivyo sawa, na kila kimraba kina namba moja. Kimraba cha nusu nyuzi, karibu na ikweta, kina upana wa kama kilomita 55. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kama kilomita 22, maana yake ni kwamba kisiwa kizima kinaweza kuangukia vimraba viwili, na sehemu kubwa ya vimraba hivyo ni bahari. Ramani hiyo haiwezi kukuonyesha tofauti ambayo kila Mpemba anaijua, baina ya vilima vya magharibi vyenye mikarafuu na nchi ya mawe na ukame ya upande wa mashariki. Tafuta katika maelezo ukubwa wa kimraba, na ukikuta unazidi upana wa kisiwa, iache ramani hiyo kwa maswali ya bara zima.

Na ukitazama ramani ya dunia nzima, usilinganishe ukubwa kwa macho. Mchoro unaotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni huzikuza nchi kadiri zinavyokwenda mbali na ikweta: mahali palipo nyuzi 60 kaskazini, karibu na Helsinki, huonekana na eneo mara nne ya ukubwa wake wa kweli, na sisi tulio kati ya nyuzi 4 na 7 kusini tunabaki karibu na ukubwa wetu.

Hatua ya nane: kuhifadhi na kuitoa ramani

Picha ya skrini ni njia ya haraka, lakini mara nyingi hukata ufunguo, kwa hivyo tumia kitufe cha kupakua kilichomo ndani ya atlasi. Pakua vitu viwili: ramani kama picha, na namba zake kama jedwali. Nakili pia kiungo cha ramani baada ya kumaliza kuichagulia mada, mwaka na madaraja, kwani katika atlasi nyingi kiungo hicho hubeba chaguo zako zote, na mwenzako akikifungua ataiona ramani ile ile uliyoiona. Andika tarehe uliyoipakua, kwa sababu data husahihishwa na ramani ya mwezi ujao inaweza isilingane na ya leo.

Kisha iandikie ramani maelezo yake chini, kwa maneno kamili. Kwa ramani tuliyoanza nayo, maelezo yangekuwa hivi: "Msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba katika mikoa mitano ya Zanzibar, Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Maeneo ya mikoa yamechukuliwa kwa jumla ya kilomita za mraba 2,460. Madaraja matatu kwa njia ya mapengo ya asili: 229 hadi 547; 817; 3,883." Mwalimu wa Micheweni aliyanakili maneno hayo ubaoni siku ya pili yake, akaichapa ramani kwa rangi moja ya samawati ili fotokopi isiiharibu, na namba tano za mikoa akaziandika kwa kalamu juu ya kila eneo.